Njia Kwanza, Kiwanja Baadaye: Mwongozo wa Kugawa Shamba la Urithi Kandokando ya Mji

Kule Pemba, ukitoka Chake Chake kwenda Wawi, au ukipita Machomanne na Gombani, utaona mashamba yaliyokuwa ya muhogo na minazi yamekuwa mitaa. Unguja hali ni hiyo hiyo, tena kwa kasi zaidi, kuanzia Fuoni hadi Kwarara na Kianga. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu Zanzibar watu 1,303,569. Ya mwaka 2022 ikahesabu 1,889,773. Visiwa havikuongezeka hata hatua moja, kwa hiyo watu hawa wote wanaingia katika mashamba ya wazee wetu, na mashamba hayo yanakatwa viwanja na familia zenyewe, mara nyingi kwa kamba na vijiti baada ya sala ya Alasiri.

Mwongozo huu ni wa familia iliyokaa kitako kugawana shamba. Ni wa mnunuzi pia, na wa majirani ambao njia yao imeanza kubanwa. Nimeandika zaidi kwa kutazama Pemba kwa sababu ndiko ninakokujua vizuri, lakini sheria ni moja kwa Unguja na Pemba, kinachobadilika ni jina la baraza tu: Baraza la Mji kwa Chake Chake, Wete na Mkoani, na mabaraza ya manispaa kwa Mjini, Magharibi 'A' na Magharibi 'B'.

Neno langu kubwa ni hili: njia itengwe kabla kiwanja cha kwanza hakijapata mwenyewe. Karibu kila ugomvi wa mtaa ninaoujua umetokana na kwenda kinyume cha hapo.

Upo mtaa mmoja wa pembezoni, nyumba zake nzuri, za matofali, mabati ya rangi. Karo la nyumba ya nyuma, yaani shimo la maji machafu, lilipojaa, gari la kunyonya lilibaki barabarani, halikuwa na pa kuingia. Mpira ukavutwa kupitia uani kwa jirani wa mbele, ukapita chini ya kamba ya nguo, ukaingia kichochoro ambacho watu wawili wakikutana mmoja hujibanza ukutani, na bado haukufika. Ukakunjwa, gari likaondoka. Watu wa nyumba ile wakakaa na harufu ile, mama mtu mzima akijifunika kanga puani kwenye uwa wake mwenyewe. Kichochoro kile zamani kilipitisha gari la ng'ombe. Hakuna aliyekiziba makusudi. Huyu alitoa kibaraza, yule akaweka ngazi, mwengine akachimba karo nje ya ukuta wake, na kila mmoja alichukua kidogo.

Hatua ya 1: Jueni ardhi yenu ni ya namna gani

Ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma tangu mwaka 1964, na Sheria ya Umiliki wa Ardhi Namba 12 ya mwaka 1992 imeliweka hilo wazi. Anachokuwa nacho mtu ni haki ya kuitumia. Haki hiyo hurithiwa na inaweza kuhaulishwa, yaani kuhamishiwa mtu mwengine, ila kwa utaratibu. Kwa hiyo kabla hamjanunua hata kamba ya kupimia, ulizeni mambo haya.

Je, ni eka tatu? Baada ya Mapinduzi wakulima wengi walipewa eka tatu tatu, na zilitolewa zilimwe. Eka tatu ni kama mita za mraba 12,140, na madalali wanazipenda sana kwa sababu zinatoa viwanja vingi kwa mkupuo. Lakini haki ya aliyepewa eka tatu si sawa na haki ya mwenye hati ya kiwanja, na kuzikata na kuziuza kienyeji ni kumuuzia mtu matatizo. Nendeni Kamisheni ya Ardhi, mueleze historia ya shamba, na jibu mlipate kwa maandishi.

Je, ni wakfu? Babu zetu waliweka wakfu mashamba mengi kwa ajili ya misikiti, au kwa ajili ya kizazi chao. Wakfu hauuzwi wala haugawanywi kama mirathi. Anayesimamia mambo hayo ni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Wazee wa mtaa wakisema "hapa palikuwa wakfu wa msikiti", msilipuuze neno hilo hata kama hakuna karatasi.

Na miti ni ya nani? Hili linawashangaza wageni, lakini sisi tunalijua: kwetu mti unaweza kuwa na mwenyewe, na ardhi iliyo chini yake ikawa na mwengine. Shamba mnaloliita la baba huenda lina mikarafuu ya ami, au minazi iliyowekwa rehani tangu zamani na hakuna aliyeikomboa. Hesabuni miti, andikeni ni ya nani, kisha kila mwenye miti atie saini. Kumbukeni pia kwamba mkarafuu haukatwi bila ruhusa, hata kama umesimama katikati ya pahala mnapotaka kuweka chumba.

Kusanyeni na karatasi zote: hati, barua za zamani, risiti, hata daftari la babu lenye majina ya waliopakana naye. Mali bila daftari huisha bila habari.

Hatua ya 2: Mirathi imalizike kwanza

Msikate viwanja katika mali ya marehemu ambayo mirathi yake haijatoka. Utaratibu unajulikana: gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi moja, halafu ndiyo warithi. Majina na mafungu yathibitishwe kwa njia rasmi, kupitia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana au Mahakama ya Kadhi panapotokea mvutano.

Nalisisitiza hili kwa ajili ya dada zetu. Mara nyingi kaka waliobaki nyumbani huanza kuuza vipande vya mbele, vile vya barabarani, na dada aliyeolewa Unguja au aliyeko Maskati akirudi anaoneshwa kipande cha bondeni ambacho hakina njia. Fungu lake kwa hesabu limetimia, lakini thamani yake imeliwa. Hiyo ni dhulma hata kama kila mita imehesabiwa sawasawa.

Hatua ya 3: Ulizeni kama eneo lina mpango

Mji wetu umepangwa mara nyingi kwenye karatasi. Mji wa Unguja ulipata ramani kuu mwaka 1923, ukapata nyengine 1958, nyengine 1968 iliyochorwa na wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki, na nyengine 1982 iliyochorwa na Wachina. Hata hivyo mitaa mingi ilijengwa kabla ya mpango kufika chini, na ndiyo maana leo unakuta nyumba imesimama pahala ambapo mchoro ulisema barabara.

Kwa hiyo nendeni kwa watu wa mipango miji na vijiji mkiwa na mchoro mdogo wa shamba lenu, hata wa mkono, wenye majina ya majirani wa pande nne. Ulizeni kwa ufupi: eneo hili limekusudiwa makaazi au kilimo? Kuna barabara iliyopangwa kupita hapa au karibu? Kuna hifadhi ya chanzo cha maji, bomba kuu, nguzo kubwa za umeme, skuli au eneo la wazi? Kama shamba lenu limeandikwa kilimo, basi kubadilisha matumizi ni ombi la mbele, si la baada ya kuuza.

Andikeni tarehe mliyokwenda na jina la ofisi iliyowajibu. Jibu la mdomo ombeni liandikwe.

Hatua ya 4: Choreni njia

Hapa ndipo penye kazi, na hapa nataka tukae.

Chukua mfano. Marehemu ameacha mke, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike, na shamba la upana wa mita 60 na urefu wa mita 100, yaani mita za mraba 6,000. Mke ana thumuni, yaani moja ya nane. Kilichobaki wanagawana watoto, wa kiume fungu mbili na wa kike fungu moja. Ukihesabu utaona mafungu yote ni manane: mke moja, kila binti moja, kila kijana mawili.

Njia ya haraka ambayo familia nyingi huifuata ni kugawa 6,000 kwa 8, kila fungu likawa mita 750, kisha kukata kuanzia barabarani kwenda nyuma. Waliopata mbele wameshukuru. Waliopata nyuma wanaambiwa "mtapita hapa pembeni, sisi ni ndugu". Undugu upo, lakini kiwanja cha mbele kikiuzwa, mnunuzi si ndugu yenu.

Sasa fanyeni hivi. Kabla ya kugawa, toeni njia ya mita 8 katikati, kutoka barabarani mpaka mwisho wa shamba. Mita 8 kwa mita 100 ni 800. Zinabaki 5,200. Gawanya kwa 8, kila fungu ni mita 650. Kila fungu limechangia mita 100 kwa njia, mwenye mafungu mawili kachangia mara mbili, hakuna aliyeonewa. Na tazama mchoro unavyokaa: kila upande wa njia pana mita 26. Kiwanja cha mita 26 kwa 25 ni mita 650 kamili. Vinatoka viwanja vinne huku na vinne huku, vyote vinane vina mlango kwenye njia. Kila kijana anachukua viwili vilivyopakana, mama na mabinti kimoja kimoja, na mkitaka mpige kura nani akae wapi.

Atakuwepo mtu wa kusema mita 8 ni nyingi, watu watatembea kwa miguu. Mjibuni kwa upole na kwa kamba. Tandikeni kamba mbili chini, mwambieni asimamishe gari la mchanga kati ya kamba hizo, kisha afungue mlango wa dereva, na upande wa pili apite mtu na baiskeli. Ongezeni na mtaro wa maji ya mvua. Ongezeni nguzo ya umeme na bomba la maji, ambavyo vyote vitataka kupita hapo hapo. Fikirieni zimamoto. Fikirieni jeneza, na watu wanaolifuata. Mita 8 zitaonekana za kawaida sana.

Mambo mengine ya kutazama mnapochora:

Mwisho wa njia. Kama upande wa pili wa shamba kuna jirani ambaye naye atakata viwanja siku zijazo, elekezeni njia yenu pahala ambapo yake inaweza kuungana nayo. Kama ni ukuta au bonde, acheni nafasi ya gari kugeuza, na hesabu ya mafungu mnaifanya upya baada ya kuitoa nafasi hiyo.

Maji. Pemba ni vilima na mabonde. Njia inayoshuka moja kwa moja kutoka juu hadi chini, masika ya kwanza inakuwa mto, ya pili inakuwa handaki. Ikiwezekana ipindeni ifuate ubavu wa kilima, na mtaro uwe upande wa juu. Chini kabisa, pale maji yanapokusanyika, msipagawe kiwanja hata kama fungu halijatimia. Waulizeni watu wa Mwanakwerekwe na Ziwa Maboga kule Unguja masika yanavyowafanya. Maji yana kumbukumbu ya njia yake kuliko sisi.

Kona. Ncha za viwanja viwili vya mbele, pale njia yenu inapokutana na barabara, zikatwe kidogo ili gari lipinde bila kukwaruza ukuta wa mtu.

Makaro. Kila kiwanja kiwe na pahala pa karo ndani ya mpaka wake, mbali na kisima cha jirani, na upande ambao mpira wa gari la kunyonya utafika.

Hatua ya 5: Majirani na Sheha

Mchoro ukishakubalika ndani ya familia, waiteni wa pande nne. Si barua tu. Waiteni watembee shambani. Mzee wa jirani akionesha kidole na kusema "mpaka ni ule mbuyu", hilo ni ushahidi, liandikeni. Mpaka wenye ubishi umalizwe siku hiyo au usimamishwe mpaka umalizike, msiupitishie mchoro kwa matumaini.

Sheha awepo. Yeye anawajua watu wa shehia yake, na barua yake itahitajika karibu kila ofisi mtakayokwenda baadaye. Lakini tuelewane hapa, maana watu wengi wameumia: saini na muhuri wa Sheha ni ushahidi kwamba mauziano au makubaliano yamefanyika mbele yake. Si hati, wala haigeuzi shamba kuwa kiwanja. Sheha muungwana atakwambia hivyo mwenyewe.

Andikeni makubaliano ya njia kwenye karatasi moja: upana, urefu, inaanzia wapi, inaishia wapi, na sharti kwamba hakuna atakayejenga, kupanda mti wala kuchimba ndani yake. Warithi wote watie saini, wake kwa waume, na waliopo safarini waweke wakala kwa maandishi. Nakala moja kwa Sheha.

Hatua ya 6: Mpima na bikoni

Tafuteni mpima anayetambulika na Kamisheni ya Ardhi. Muoneni mwenyewe, msimtume dalali. Mwambieni njia nayo iwekewe bikoni zake, yaani mawe ya mpaka, pande zote mbili, kwa sababu wapima wengine wakiachiwa huweka bikoni za viwanja tu na njia inabaki kuwa "ile nafasi ya katikati". Nafasi isiyo na bikoni ndiyo inayoliwa.

Siku ya kupima, mtu mzima mmoja wa familia afuatane naye mwanzo hadi mwisho akiwa na mchoro mkononi. Pigeni picha kila bikoni, na nyuma ya bikoni kionekane kitu kisichohama. Kung'oa au kusogeza bikoni ni kosa, na watoto waambiwe mapema kwamba si jiwe la kuchezea.

Hatua ya 7: Barazani

Wengi wakisikia njia ya mtaa hukimbilia kwa mheshimiwa yeyote wanayemjua. Milango ni tofauti. Diwani wa wadi ndiye anayekaa katika baraza lenu na kupiga kura huko. Mwakilishi yuko Baraza la Wawakilishi. Anaweza kusaidia kifusi au kalvati kupitia mfuko wa jimbo. Mbunge yuko Dodoma, na ardhi ya Zanzibar si jambo la Muungano. Barabara kubwa ni za Wakala wa Barabara. Njia za ndani za mitaa, mitaro midogo, usafi na taka ndiyo mambo ya baraza, chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa Namba 7 ya mwaka 2014.

Baraza haligawi mirathi wala haliamui shamba ni la nani. Msipeleke huko ugomvi wa mpaka. Wapelekeeni kitu kimoja kilichokamilika: njia iliyokubaliwa, iliyopimwa, na mnayotaka iingie katika kumbukumbu. Barua yenyewe iwe fupi. Mfano:

*Mkurugenzi,*
*Baraza la Mji Chake Chake.*

*Kupitia: Sheha wa Shehia ya ……………*
*Nakala: Diwani wa Wadi ya ……………*

*KUH: OMBI LA KUTAMBULIWA NJIA YA MTAA*

*Sisi wamiliki na wakaazi tuliotia saini hapa chini tumetenga njia yenye upana wa mita 8 na urefu wa mita 100, kuanzia barabara ya …………… hadi mpaka wa shamba la ……………. Njia hii imepimwa, imewekewa bikoni, na mchoro wake tumeuambatanisha pamoja na makubaliano yetu.*

*Tunaomba wataalamu wa Baraza waje kuikagua. Iingizwe katika orodha ya njia za Baraza na uamuzi huo uandikwe katika kumbukumbu za kikao. Na kila ombi la kujenga katika eneo hili lilinganishwe na mchoro huu kabla halijapitishwa.*

Pelekeni nakala mbili. Moja wanabaki nayo, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, mrudi nayo. Bila muhuri ule, barua ikipotea mtaanza upya na hakuna atakayeamini kwamba mlikuja.

Ombi la mwisho katika barua ile ndilo lenye nguvu kuliko yote. Njia hailiwi na kijiko kikubwa cha serikali, inaliwa na nyumba moja moja zinazojengwa. Anayekagua maombi ya ujenzi akiwa na mchoro wenu mezani, ukuta unaosogea mita moja unaonekana ungali penseli.

Baada ya hapo mfuateni diwani. Muulizeni ombi limepelekwa kamati gani na kikao ni lini. Baraza hufanya kazi kwa kamati kwanza, kisha kikao cha madiwani wote. Jambo lisilopita kwenye kamati halifiki mbele. Mkipata diwani aliyekuja kuitembea njia yenu kwa miguu yake, mmepata mtetezi, kwa hiyo mkaribisheni, awaone watoto wanavyokwenda skuli na maji yanavyopita. Uamuzi ukitoka, ombeni barua inayotaja tarehe ya kikao.

Na msichanganye kutambuliwa na kujengewa. Njia ikitambuliwa haina maana kesho italetwa lami. Mwaka wa fedha unaanza Julai, na bajeti hupikwa miezi kadhaa kabla. Ombi la kalvati au kifusi linaloletwa Juni limechelewa. Lileteni mwaka ungali mchanga, lenye kipimo na picha za masika.

Hatua ya 8: Hati, kuuza na kujenga

Kila mrithi sasa afuatilie hati ya kiwanja chake Kamisheni ya Ardhi, kwa jina lake. Wanawake msikubali kuandikiwa kwa jina la kaka "kwa kurahisisha". Anayetaka kuuza afuate utaratibu wa uhaulishaji, ambao unapitia bodi iliyowekwa kwa Sheria ya Uhaulishaji Ardhi ya mwaka 1994. Karatasi ya dukani yenye mashahidi wawili haitoshi. Katika mkataba wa mauziano andikeni kwamba kiwanja kinapakana na njia ya mita 8 na kwamba mnunuzi ameiona na anaiheshimu.

Kibali cha ujenzi kiombwe kabla ya kumwaga zege. Ndani ya Mji Mkongwe mambo ni mengine, huko lazima upite Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe.

Kwa mnunuzi

Nenda ukaone kiwanja mara mbili: siku ya jua, na siku ya mvua kubwa kati ya Machi na Mei. Nenda na gari, hata la kuazima, ulifikishe mpaka kwenye kiwanja chenyewe. Dalali akikwambia "njia itafunguliwa", muulize itafunguliwa juu ya ardhi ya nani, na mtu huyo umuone. Omba kuoneshwa bikoni za njia, si za kiwanja tu. Waulize watu wa nyumba za jirani, khasa wanawake walio nyumbani mchana. Wao ndio wanaojua nani anagombana na nani na maji yanaingia wapi. Kisha peleka namba ya kiwanja Kamisheni ya Ardhi ukathibitishe kabla ya kutoa hata ya kishika mkono.

Njia ikianza kuvamiwa

Kasi ndiyo kila kitu. Msingi wa mawe unaondolewa kwa maneno. Nyumba yenye watoto ndani haiondolewi na mtu yeyote mwenye moyo.

Siku mnayoona mtu anachimba ndani ya bikoni, mwendeeni watu wazima wawili watatu, kwa salamu. "Assalamu alaikum, ndugu yetu, tunaona mkanda wa msingi umepita bikoni." Wengi hurudi nyuma, maana wengine hawakujua, fundi ndiye aliyepima vibaya. Pigeni picha siku hiyo hiyo, yenye bikoni na msingi pamoja. Asiposikia, kwa Sheha jioni ile ile. Kesho yake barua kwa Mkurugenzi wa Baraza, mkiambatanisha barua yenu ya kwanza yenye muhuri, mchoro, na picha, mkiomba ujenzi usimamishwe mpaka ukaguzi ufanyike. Barua iseme "tunaomba usimamishwe", isimtukane mtu. Barua yenye matusi huwekwa pembeni.

Kama anadai kwamba ardhi ile ni yake kwa haki, hapo jambo limetoka mikononi mwa baraza, limekuwa mgogoro wa ardhi, na pahala pake ni Mahakama ya Ardhi. Pelekeni nakala, weka asili nyumbani. Kama mdai ni mrithi anayesema fungu lake lilipunjwa, hilo linarudi kwenye mirathi.

Ikitokea serikali ndiyo inayotaka kupanua barabara na kuchukua sehemu ya viwanja vyenu, kabla mthamini hajaja hesabuni wenyewe: kila mti kwa aina na ukubwa, ukuta kwa urefu, karo, kisima, makaburi kama yapo. Picha ziwe na tarehe. Mthamini akija awepo mwenye mali, au wakala mwenye barua, na kabla ya kutia saini someni fomu mstari kwa mstari na mkatae kusaini nafasi iliyoachwa wazi.

Kila mwaka, masika yakikaribia, wakaazi watoke siku moja na majembe: mtaro uzibuliwe, vichaka vikatwe, na bikoni zote za njia zikaguliwe moja moja kwa kulinganisha na picha. Iliyofunikwa na udongo ifukuliwe na kupakwa chokaa. Iliyopotea iripotiwe kwa Sheha kwa maandishi siku hiyo hiyo, na mpima aitwe airudishe kabla jirani hajaanza kuleta matofali.